Dirisha Lisilofungika

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi leo kwenye kampuni ya mabasi, na mvua nayo imeamua kuanza leo. Nimefika nimelowa mpaka soksi. Ofisi iko ghorofani, juu kabisa ya stendi, na kila basi linapowashwa chini kioo cha dirisha kinatetemeka na harufu ya dizeli inapanda ngazi bila kubisha hodi.

Tuko watatu chumbani. Meneja, ambaye ni mpwa wa mwenye kampuni na anapenda ulijue hilo kabla hujakaa. Fundi wa programu, ambaye wote wanamwita Kimya, na nimeelewa kwa nini kabla ya saa nne. Na mimi, niliyeletwa kuisuka upya tovuti.

Tovuti yenyewe ni maajabu. Ukiifungua, picha ya basi inapita kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu basi jingine. Halafu muziki. Ukitaka tiketi unabofya "Huduma Zetu", kisha "Nyinginezo", kisha unaomba Mungu.

"Rangi nilichagua mwenyewe," Meneja akaniambia.

Nikamuuliza abiria anapofungua tovuti ya basi anatafuta nini.

"Anataka kutujua sisi ni nani."

"Anataka kujua basi linaondoka saa ngapi," nikasema.

Ndivyo tulivyofahamiana.

Jumatano, 6 Machi

Nimetumia asubuhi nzima kumweleza Meneja habari za ruwaza. Katika kazi yetu ndivyo tunavyoziita: namna za kupanga mambo ambazo watu wameshazizoea kwingine. Kitasa cha mlango kinakaa usawa wa kiuno, hakuna anayekitafuta karibu na sakafu. Kwenye tovuti ni hivyohivyo. Kisanduku cha kutafuta safari kikae juu. Kitufe kikubwa kiwe cha jambo kubwa. Mtu akikosea namba ya simu aambiwe palepale penye namba, siyo kurudishwa mwanzo huku kila alichoandika kimefutwa kana kwamba amefanya kosa la jinai.

"Kwa hiyo unataka tuige wengine," akasema.

"Ndiyo. Ngazi zote zinaigana, ndiyo maana watu hawaanguki."

Kimya aliinua macho kutoka kwenye skrini yake, akayarudisha.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Kimya amesema "mm".

Jumapili, 10 Machi

Shangazi yuko kwangu tangu wiki iliyopita, amekuja kliniki ya macho. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, nikiwa darasa la pili. Alikuwa mkunga miaka yote, sasa amestaafu, lakini bado anaamuru kama yuko wodini.

Baada ya chakula cha mchana nimempa simu, nikamwomba anunue tiketi ya kurudi kwake. Kwanza kwenye tovuti ya sasa. Amehangaika mpaka miwani ikapata ukungu.

"Mwanangu, hawa watu wanauza safari au wanaificha?"

Kisha nikampa ukurasa nilioutengeneza mimi: unatoka wapi, unakwenda wapi, lini. Akaenda vizuri mpaka mwisho, akasimama.

"Hapa pameandikwa 'Wasilisha'. Namwasilisha nani?"

"Ni kitufe cha kumalizia, Shangazi."

"Kama ni cha kununua tiketi, si kiandikwe 'Nunua tiketi'? Mimi sina cha kuwasilisha."

Nimebadilisha palepale mbele yake. Amefurahi kama aliyepandishwa cheo. Amesema safari ijayo atanunua mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Nikamwambia ukurasa huu nimeutengeneza kwa ajili yake, na nilimaanisha.

Jumamosi, 16 Machi

Shangazi amerudi kwake. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Ijumaa, 22 Machi

Meneja amenikalisha chini na kuniambia mambo matatu anayoyataka.

La kwanza, kitufe cha kubadili tarehe ya safari kiondoke mbele ya macho. "Wakikiona watakitumia." La pili, kisanduku cha bima ya mizigo kiwe kimeshawekwa tiki, asiyeitaka aiondoe mwenyewe. La tatu, kila safari iandikwe kwa rangi nyekundu: *Viti viwili tu vimebaki*.

"Safari ipi?"

"Zote."

"Hata basi likiwa tupu?"

"Hasa likiwa tupu."

Nimekaa na kulitafakari hilo neno *hasa*. Kisha nikasema hapana. Sikuzungushazungusha. Nikamwambia hizo nazo ni ruwaza, tena zinajulikana sana, na zimetengenezwa ili mtu afanye asichokusudia. Mimi sikuletwa hapa kumtegea abiria mitego.

"Unajua anayekulipa ni nani?"

"Ni yule abiria. Wewe unapitisha tu."

Akacheka, lakini kwa meno. Tumeishia hivi: kitufe cha kubadili tarehe kitabaki mahali pa wazi, bima haitakuwa na tiki, na habari ya viti "tutaongea". Nimegeuka kumtafuta Kimya, nikidhani angalau ataniunga mkono kwa macho. Alikuwa anafuta kioo cha skrini yake kwa kona ya shati. Watu wa namna hii ndio wanaoniudhi zaidi. Afadhali anayekupinga, unajua yuko wapi.

Jumatatu, 1 Aprili

Tovuti mpya imepanda hewani. Kabla ya mchana simu za mezani zimepungua mpaka dada wa mapokezi akaja kuuliza kama laini imekatika.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Stendi imejaa matope ya rangi ya kahawa na maziwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Sasa hainyeshi kwa zamu, inanyesha moja kwa moja. Madereva wa njia ya juu, ile inayokwenda kwao Shangazi, wanasema mto umeshagusa nguzo za daraja. Meneja anasema madereva wanapenda kukuza mambo.

Alhamisi, 18 Aprili

Idara ya barabara imetoa onyo: maji yakipanda zaidi, daraja la njia ya juu litafungwa bila taarifa nyingine. Sikusubiri kuulizwa. Nimeweka ukanda wa njano juu kabisa ya ukurasa, maneno meusi, makubwa: *Njia ya juu: daraja liko hatarini. Unaweza kuahirisha safari bila malipo.* Chini yake kitufe, *Badili tarehe*. Mtu hahitaji kutafuta, hahitaji kusoma ukurasa mzima. Hivyo ndivyo tangazo la hatari linavyopaswa kukaa.

Meneja ameusoma ukanda wangu kwa muda mrefu, mikono mfukoni.

"Unawatisha watu."

"Mto ndio unawatisha. Mimi nimeandika tu."

Nilitegemea ugomvi. Akasema sawa. Hilo limenishangaza.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimetumwa kiwanda cha kuchapia, upande wa pili wa mji, kukagua rangi za mabango. Siku nzima imepotea kwenye foleni na maji. Nimerudi moja kwa moja nyumbani.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika ili mikono yangu iwe na kazi ya kufanya.

Saa nane mchana dada wa mapokezi amenipigia. Basi la asubuhi la kutoka juu limekwama. Lilivuka daraja, lakini upande wa huku barabara ilikuwa imeshafunikwa. Dereva akajaribu kurudi nyuma, kumbe na huko maji yameshapita juu ya lami. Limebaki katikati, kama kisiwa, na abiria wote ndani.

Nikasema nakuja ofisini. Akasema, "Dada, nilikuwa naangalia majina ya abiria. Kuna mtu mwenye jina la ukoo kama lako. Kiti cha tisa."

Nimempigia Shangazi. Simu haipatikani. Nimempigia jirani yake, akasema kwa furaha kabisa, "Ameondoka alfajiri. Alisema anakuja kwako, hataki uambiwe. Amekata tiketi mwenyewe kwenye simu, ametuonyesha sote."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikakaa sakafuni.

Nilichoshindwa kuelewa ni ukanda. Ukanda wa njano ulikuwa pale. Shangazi anasoma kila kitu, hata karatasi ya ndani ya kopo la dawa. Nikafungua tovuti kwenye simu yangu.

Haukuonekana. Dirisha lilikuwa limefunika skrini yote, juu hadi chini, lina picha ya basi na maneno *Ofa ya Masika*. Katikati kitufe kikubwa cha kijani, *Nunua sasa*. Nikatafuta pa kulifungia. Kazi yangu ni hii, nimeifanya miaka, na bado nilitafuta. Alama ya kufungia ilikuwa pembeni chini, ndogo kama chembe ya mchanga, kijivu juu ya kijivu. Na ukibonyeza *Nunua sasa* unapelekwa moja kwa moja kwenye malipo, ukanda umebaki nyuma huko, hujauona.

Hawakuuondoa. Wangeuondoa ningepiga kelele. Waliufunika.

Shangazi ana macho ya kliniki. Angeionaje ile alama?

Nimempigia Kimya. "Nani ameweka hili dirisha?"

"Mimi," akasema. "Aliniagiza jana, ulipotoka."

"Na alama ya kufungia?"

"Aliniagiza iwe hivyo."

Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakujitetea hata kidogo, na hilo likanikasirisha zaidi. Kisha nikaingia mwenyewe kwenye mitambo, nikalitoa dirisha. Ukanda nimeufanya mwekundu, nikauandika upya: *Njia ya juu imefungwa. Basi limekwama. Tunauza tiketi za njia ya chini peke yake.* Nimezima uuzaji wa njia ya juu wote. Sikumuuliza mtu.

Bado simu ya Shangazi haipatikani. Dawa zake za presha huwa anaziweka kwenye begi kubwa, na begi kubwa hukaa buti la chini ya basi. Sasa hivi buti liko ndani ya maji.

Jumapili, 21 Aprili

Wametolewa kwa trekta, wachache wachache, kuanzia alfajiri. Wote wazima. Nimemkuta Shangazi kwenye shule waliyopelekwa, amevaa koti la mtu asiyemjua, anamwelekeza mama mmoja namna ya kumlaza mtoto wake mchanga asiingiwe na baridi. Miguu yake imevimba. Nesi wa pale alikuwa amempa dawa.

Nilimshika, machozi yakanitoka.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye sikuangalia vizuri. Nilikuwa na haraka ya kukuonyesha kwamba najua."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa. Kwamba yeye ndiye anaomba msamaha. Mtu wanamfunika macho, wanamsukumia kitufe, anakesha katikati ya mto, halafu anajilaumu kwamba hakuangalia vizuri. Ndivyo mitego hii inavyofanya kazi: aliyenaswa huona haya.

Nimemwambia, "Shangazi, hukukosea. Nitakuonyesha ulichofanyiwa, halafu nitawaonyesha na wao."

Jumatatu, 22 Aprili

Meneja amefika mapema kuliko mimi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Amesimama katikati ya chumba.

"Nani amekupa ruhusa ya kusimamisha mauzo?"

"Basi lako lilikuwa mtoni."

"Abiria wote wako salama. Rudisha kama ilivyokuwa. Ondoa huo wekundu, unatuharibia jina."

"Sirudishi."

"Hilo ni agizo."

"Nimelisikia. Sirudishi. Shangazi yangu alikuwa kiti cha tisa, na hata asingekuwepo yeye, angekuwepo shangazi wa mtu mwingine."

Aliinamisha macho aliposikia hilo, namsifu kwa hilo dakika moja. Kisha akanyoosha mkono kwenye kibodi yake, akanifungia njia ya kuingia kwenye mitambo. Aliniambia kuanzia sasa mimi ni wa kuchora tu. Akamgeukia Kimya.

"Wewe rudisha dirisha."

Kimya aliweka mikono yake juu ya meza, yote miwili, viganja chini.

"Nimesahau nywila," akasema.

"Umesahau nini?"

"Nywila ya seva. Imenitoka."

Huyu ni mtu anayekumbuka namba za mabasi yote, na za yale yaliyouzwa. Meneja akamtazama, akanitazama, akamtazama tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeachama.

"Utaikumbuka lini?"

"Sijui, bosi. Umri."

Kimya hajafika miaka arobaini. Meneja ametoka, mlango ukapigwa, kioo kikatetemeka bila msaada wa basi lolote.

Tulibaki wawili. Nilitaka kumwomba radhi kwa nilivyomtukana Jumamosi, akaniwahi.

"Nina watoto watatu," akasema bila kuulizwa. "Ndiyo maana huwa nakubali. Lakini juzi nilishinda nasubiri habari za lile basi." Akavuta kibodi yake karibu. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Ukanda mwekundu bado uko juu. Nywila bado haijakumbukwa.

Jumatano, 24 Aprili

Bado.

Alhamisi, 25 Aprili

Mwenye kampuni amekuja. Meneja ndiye aliyemwita, ili anifukuze mbele ya mashahidi. Ni mama wa makamo ya mwisho, mrefu, anatembea polepole na haoni sababu ya kuharakishwa. Wanasema alianza na basi moja, yeye mwenyewe akikata tiketi mlangoni. Amekaa kwenye kiti changu.

Meneja ameeleza kila kitu, na sitamsingizia, hakudanganya sana. Alisema nimesimamisha mauzo bila idhini, nimekaidi agizo, nimemponza mwenzangu. Yote ni kweli.

"Una la kusema?" mama akaniuliza.

"Naomba ujaribu kitu kwanza, Mama."

Kimya akatoa simu yake. Alikuwa ameuhifadhi ukurasa kama ulivyokuwa siku ile ya Ijumaa, wala sikujua mpaka jana. Nikampa mama ile simu. "Wewe ni abiria. Unataka kujua kama njia ya juu inapitika."

Akavaa miwani. Akatazama. "Hii naifungaje?"

"Pale chini, shangazi," Meneja akasema. "Pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Hapo, kulia."

Akagusa kwa ukucha, akagusa tena. Skrini ikaruka. Akasoma, akaishusha simu.

"Nimenunua nini?"

"Tiketi ya njia ya juu," nikasema. "Ya lile basi lililokwama mtoni kesho yake."

Hakuinua sauti. Alikaa na ile simu mapajani, akaitazama stendi chini, mabasi yake yamejipanga kwenye matope.

"Mimi nilipokuwa nakata tiketi mlangoni," akasema, "mtu akiniuliza njia ikoje, nilikuwa namwambia. Wengine walikuwa wanashuka. Iliniuma, lakini walikuwa wanashuka." Akamgeukia mpwa wake. "Huu wekundu ubaki mpaka daraja lifunguliwe. Na huyu binti mrudishie alichomnyang'anya."

Kisha akanigeukia mimi, na sikupata pongezi. "Na wewe una kichwa kigumu. Mkataba wako unaisha mwezi wa tano. Tutaona."

"Sawa, Mama."

Alipoondoka tu, Kimya akakumbuka nywila.

Jumapili, 5 Mei

Shangazi amepona miguu, anasumbua jirani zangu. Leo nimemwonyesha lile dirisha kwenye simu ya Kimya, niliyoiazima. Alipogundua ile alama ilipokuwa, aliisogeza simu karibu na macho. Kisha akasema, "Kwa hiyo sikuwa mjinga."

"Hukuwa."

"Basi waambie nimesema ni washenzi." Akaendelea kula.

Jumanne, 14 Mei

Jua, saa nzima. Watu stendini wamesimama kulitazama.

Jumatatu, 20 Mei

Meneja sasa ananisalimia kwa heshima ya kupindukia, kama mtu anayesalimia mbwa asiyemwamini. Nimesikia amemwambia dada wa mapokezi kwamba mwisho wa mwezi hauko mbali.

Ijumaa, 24 Mei

Daraja limefunguliwa. Nimeuondoa ukanda mwekundu kwa mkono wangu, nikaweka wa kijani: *Njia ya juu inapitika.* Kimya akasoma, akasema, "Vizuri." Neno zima.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mkataba. Mwenye kampuni amekaa pembeni na kikombe chake. Meneja amenisukumia karatasi.

"Mwaka mmoja," akasema. "Mshahara umeongezwa kidogo. Kuna jambo moja tu tulilolibakiza."

"Viti viwili."

"Kila mtu anafanya. Haiui mtu. Siyo mto huu."

Nimeusoma mkataba wote. Wajibu wangu umeandikwa kwa mstari mmojammoja: kubuni, kukagua, kutunza. Nikaurudisha upande wake.

"Hilo la viti halimo," nikasema.

"Ni makubaliano ya mdomo."

"Liandike. Weka hapa, chini ya wajibu: *mfanyakazi ataonyesha idadi ya viti isiyo ya kweli*. Uliandike kwa lugha hiyohiyo, ili nijue ninachokikataa."

"Usinifanyie vituko."

"Siyo vituko. Unaniomba nifanye jambo kila siku kwa mwaka mzima, mbele ya kila abiria. Kama ni kazi, ina jina. Liandike nilikatae, nichukue mkoba wangu niende zangu. Sitagombana."

Nilikuwa tayari kweli. Mkoba ulikuwa begani. Usiku nilishamwambia Shangazi kwamba huenda tukala maharage mpaka Desemba, akasema hajawahi kuona maharage yakiua mtu.

Meneja akachukua kalamu. Akaishika juu ya karatasi. Akaandika *mfanyakazi ata-* na mkono ukasimama hapo. Nilimwona anatafuta neno jingine la kuweka badala ya *isiyo ya kweli*. Alitafuta sana. Chini, basi liliwashwa, kioo kikatetemeka, kikatulia.

"Mbona huandiki?" mama akamuuliza kutoka kule pembeni.

Masikio ya Meneja yalikuwa yamebadilika rangi. Mwishowe akakata alichoandika kwa mstari, akaweka sahihi yake ndogo pembeni ya mkato kama sheria inavyotaka, akanirudishia karatasi bila kunitazama.

Nimesaini. Nikashusha mkoba, nikavuta kiti, nikawasha kompyuta. Jumatatu naanza na ukurasa wa kurudishiwa nauli, ule ambao Meneja anauchukia kuliko zote. Nimeshamwambia kitufe chake kitakuwa kikubwa.